Nani Atamwambia Hapana? Kutafuta Mapenzi ya Mungu Kabla ya Kuufuata Wito, Kutoka Clairwood hadi Bukoba

Clairwood, kusini mwa Durban, ni mtaa wa kelele. Malori ya makontena kutoka bandarini hupita humo mchana na usiku, na uwanja wa mbio za farasi uliokuwa ukiujulisha mtaa huo kwa wageni sasa umegeuka maghala. Mara moja kwa mwaka, Januari au Februari, ngoma huzifunika kelele za malori. Waumini wa hekalu la Kihindu la Shri Siva Soobramoniar, wakiwa wameshafunga siku kumi, hutoka na kavadi mabegani, matao yaliyopambwa kwa maua na manyoya ya tausi. Wanatimiza nadhiri. Mmoja alimwombea mtoto mgonjwa, mwingine aliomba kazi, na leo analipa alichoahidi. Mababu wa wengi wao walifika Natal kutoka India kuanzia mwaka 1860 kukata miwa kwa mkataba. Mkataba ulipokwisha wakakodi nyanda hizi za majimaji, wakalima mboga na kuvua samaki. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa maeneo kwa rangi ya ngozi iliwang'oa wengi ikawapeleka Chatsworth, lakini kila mwaka hurudi kwenye hekalu lao.

Nadhiri ni tofauti na wito. Katika nadhiri mtu ndiye anayeanza kusema, akaahidi, akangoja. Katika wito Mungu ndiye anayeanza, na mtu hana hakika kama amesikia sawasawa. Mimi ni Mkristo, na swali linalonisumbua ni la Kikristo: anayesema Bwana amemwita kuhubiri, kuingia utawa au kuanzisha huduma, alimuulizaje Mungu kabla ya kuondoka nyumbani? Ninalianzia Clairwood kwa sababu ukichora duara kuuzunguka mtaa huo, la mwendo usiozidi saa moja hivi kwa gari, utayakuta karibu majibu yote ambayo Afrika yetu imewahi kuyatoa. Kadiri ninavyoyalinganisha, ndivyo ninavyoamini kwamba ukubwa wa ishara hautuambii mengi. Ndoto zipo kila mahali, na sauti zipo kila mahali. Kinachozitenganisha njia hizi ni kama kuna mtu aliyepewa nafasi ya kumwambia mwenye wito: hapana, au bado.

Tuanze kwa jirani. Mashariki ya Clairwood, ukivuka reli za bandarini, kuna mwinuko wa Bluff, na hapo, King's Rest, waliishi watu ambao Durban inawaita Wazanzibari. Agosti 1873 manowari ya Waingereza, HMS Briton, ilishusha Durban watu zaidi ya mia moja waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, na wengine wakafuata hadi mwaka 1880. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji, wakabaki na jina la kisiwa walichopitia. Baadhi waliingia Ukatoliki katika misheni ya huko huko Bluff. Walio wengi walishika Uislamu, na serikali ya ubaguzi ilipowahamisha miaka ya 1960 kwenda Chatsworth, baada ya kuwaandika kuwa "Waasia wengine", walikwenda na dini yao.

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa kwamba Mwislamu anayekabiliwa na jambo zito huswali istikhara: rakaa mbili, kisha dua aliyoipokea Jabir bin Abdallah kutoka kwa Mtume. Tumezoea kusikia kwamba baada ya kuswali mtu hulala akangoja ndoto. Wanazuoni wengi wanasema ndoto si sharti. Kinachonigusa mimi kama Mkristo ni umbo la dua yenyewe. Mwombaji anataja jambo lake, anaomba lisogezwe na lifanywe jepesi likiwa lina heri, na anaomba liepushwe naye, naye aepushwe nalo, likiwa lina shari. Mwishoni anaomba aridhike na lolote litakalotokea. Hapana imo ndani ya ombi tangu mwanzo, na ina uzito sawa na ndiyo. Mtu hawezi kuiswali istikhara kwa unyofu huku ameshakata tiketi.

Sisi je? Wasomaji wengi wa Kikristo wanamjua kijana ninayemfikiria. Amefunga siku tatu, amekesha mlimani, ameshuka na neno: Bwana amesema nami. Ukimuuliza aliomba nini, atakuambia aliomba Mungu amthibitishie. Hakuomba Mungu amzuie. Wiki inayofuata ameandika barua ya kuacha kazi, na mkewe ameipata habari hiyo kanisani pamoja na watu wengine. Sina shaka kwamba Mungu huwaita vijana wa namna hii. Nina shaka na ombi lenye mlango mmoja.

Nusu saa kwa gari kutoka Clairwood, karibu na Pinetown, yapo majengo ya matofali mekundu ya Mariannhill, na historia yake ina somo ambalo ningependa kila mwenye wito alisome taratibu. Mwaka 1879 wakuu wa monasteri za Watrapisti walikutana Sept-Fons, Ufaransa. Askofu James Ricards alikuwa amekuja kutoka Afrika Kusini kuomba wamonaki. Hakuna aliyejitolea. Mwishowe Franz Pfanner, mkuu wa monasteri ya Mariastern huko Bosnia, mtu aliyekwisha kupita miaka hamsini, akasema kwamba kama hakuna aendaye, atakwenda yeye. Hatusikii ndoto hapo wala malaika. Tunasikia haja iliyotajwa mbele ya watu, ukimya, na mtu aliyeona haya kwa ule ukimya.

Wangeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya kuchangishia fedha. Lakini walifika Dunbrody, upande wa mashariki wa Rasi, mwaka 1880, na ardhi ikawakatalia. Ukame na upepo vilimaliza kazi yao. Baada ya miaka miwili hivi waliondoka. Je, Pfanner alisikia vibaya? Katika makanisa mengi ya leo tungesema adui amepinga, tungefunga tena, tungebaki Dunbrody mpaka tufe. Wao waliyasoma mazingira kuwa jibu. Askofu wa Natal aliwapokea, na mwishoni mwa mwaka 1882 wakaanza upya Mariannhill. Palikua pakawa moja ya monasteri kubwa kuliko zote za Watrapisti duniani. Mwaka 1885 likazaliwa hapo shirika la Masista wa Damu Azizi, na mwaka 1897 wamonaki wa Mariannhill walifika hadi Gare, katika milima ya Usambara, ambako Wasambaa walisikia kengele zao. Wito uliokataliwa na ardhi ya Dunbrody ndio uliofika Tanganyika.

Na hapana haikuisha. Pfanner alikuwa mwanamume mkali, kazi ya kuhubiri na kujenga shule iligongana na kanuni ya ukimya ya Watrapisti, na mwaka 1892 wakubwa wake walimsimamisha uongozi. Alimaliza siku zake katika kituo kidogo alichokiita Emmaus, akafa mwaka 1909. Mwaka huo huo Roma iliamua kwamba umisionari na utrapisti haviwezi kukaa nyumba moja, ikaifanya Mariannhill kuwa shirika linalojitegemea. Ninaposoma habari zake ninamwonea huruma mzee huyo, lakini ninaona pia kwamba hakuna hatua hata moja ya wito wake aliyoachiwa aiamue peke yake.

Kanisa Katoliki limeliweka jambo hili katika utaratibu tangu Ignasi wa Loyola alipokaa Manresa mwaka 1522, akijifunza kutofautisha faraja inayotoka kwa Mungu na ile inayotoka kwingine. Mpaka leo anayetaka upadre ana mlezi wa miito, ana baba wa kiroho, ana miaka ya seminari, na ana askofu ambaye siku ya upadirisho huulizia ushuhuda wa walezi kabla ya kuweka mikono. Frateri anaweza kurudishwa nyumbani mwaka wa saba. Huumiza, na familia huona aibu, lakini kanisa halioni kosa kumrudisha.

Wabaptisti Watelugu, watu wa kusini mwa India, walifikia jambo hilo hilo kwa njia fupi zaidi. Watu wao waliokuwa mashambani Natal walihitaji mchungaji, na chama cha umisionari cha Watelugu wenyewe, kule Nellore, kikamtuma John Rangiah mwaka 1903. Alianza kanisa Kearsney, kaskazini mwa Durban. Alitumwa kama Barnaba na Sauli walivyotumwa kutoka Antiokia katika Matendo 13: kanisa lilifunga, likaomba, likaweka mikono. Wito wake ulipitia vinywa vya wengine kabla haujafika miguuni mwake.

Sasa tuvuke Durban kuelekea Inanda, kwa sababu hapo nadharia yangu inapata taabu. Isaya Shembe hakutumwa na kamati. John Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC na jirani yake hapo Inanda, aliandika maisha yake katika kitabu uShembe kilichotoka mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya kifo cha nabii huyo. Humo radi ndiyo inayosema. Shembe anaona maono katika dhoruba, anaamriwa kuacha uasherati, baadaye anaamriwa kuwaacha wake zake. Anasitasita, na radi inamchoma mwili. Anakataa dawa. Mwaka 1906 anabatizwa na William Leshega wa kanisa la Kibaptisti la Waafrika, na kufikia mwaka 1910 hivi ana kanisa lake, la Wanazareti, lililojenga mji wake mtakatifu Ekuphakameni na ambalo kila Januari hupanda mlima Nhlangakazi kwa miguu.

Mzulu anayeisikia simulizi hiyo anaitambua haraka. Isangoma naye haitwi kwa hiari. Huugua, huota, hukonda, hukimbia, na wazee wakisema ni mizimu ya ukoo inayomtaka, hupelekwa kwa mwalimu akakaa huko kwa muda mrefu. Hali hiyo huitwa ukuthwasa. Pwani yetu ina jambo linalofanana nalo. Mtu anayesumbuliwa na pepo huingia kilingeni kama mteja, na baada ya miaka huweza kutoka akiwa fundi. Kote huko dalili ya kweli ya wito ni kwamba aliyeitwa hakuutaka. Musa na Yeremia wangeelewana vizuri na watu hawa.

Msweden Bengt Sundkler, aliyekuwa mmisionari wa Kilutheri Uzuluni tangu mwaka 1937, aliuona ufanano huo, na katika kitabu chake cha mwaka 1948 juu ya manabii wa Afrika Kusini aliwaonea mashaka: aliona makanisa haya kuwa daraja la kurudi kwenye upagani wa zamani. Baadaye alibadili mawazo, na Zulu Zion ya mwaka 1976 imeandikwa kwa moyo mwingine. Katikati ya vitabu hivyo viwili kuna Bukoba. Alifanya kazi huko katika miaka ya 1940, na mwaka 1961 akawa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Buhaya. Mwaka 1960 alikuwa ametoa kitabu juu ya utumishi wa kichungaji Afrika, akichukua kwa uzito namna Waafrika walivyosimulia wito wao, ndoto zikiwemo. Alitambua kwamba mchungaji wa Kilutheri aliyevaa kanzu na kola aliweza kuwa ameitwa kwa ndoto kama nabii aliyevaa joho jeupe. Tofauti ilikuwa katika kilichofuata baada ya kuamka.

Hapo ndipo nadharia yangu inaposimama tena. Ukiisoma simulizi ya Shembe kwa makini, radi haimpongezi. Inampinga. Inamnyang'anya wake zake, inaichoma ngozi yake, inamchelewesha miaka. Isangoma naye hawezi kujifundisha. Pasipo mwalimu kumwachilia, ndoto zake ni ugonjwa tu. Hata njia zinazoonekana kuwa za mtu peke yake na Mungu wake zina kitu kinachosema bado.

Buhaya ya Sundkler ilikuwa nchi ya Uamsho, ule uliotoka Gahini, Rwanda, na Uganda katika miaka ya 1930, ukiongozwa na watu kama Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi. Askofu aliyempokea Sundkler uongozi mwaka 1964, Josiah Kibira, alikuwa mtu wa Uamsho huo. Ndugu wa Uamsho walikuwa na desturi ya kuleta mambo yao kwenye ushirika, nuruni: safari, ndoa, kazi, hata kununua kitu kikubwa. Ndugu walisikiliza, waliuliza maswali ya aibu, wakaomba. Kama hawakuwa na amani, uliambiwa usubiri. Usharika wa Kilutheri una toleo lake lenye utaratibu zaidi: kwa kawaida mtu hutumika kwanza kama mwinjilisti, wazee wa usharika wakamwona akiwa na njaa na akiwa na hasira, ndipo wampendekeze kwenda chuoni, Makumira au kwingine. Samweli alidhani anaitwa na Eli, na Eli mwenyewe, kuhani dhaifu aliyeshindwa kulea wanawe, ndiye aliyetambua ni sauti ya nani. Sisi wazee wadhaifu tuna kazi hiyo.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu zito. Hao wenye kusema hapana wamekosea mara nyingi. Wamisionari wengi walichelewa mno kumwamini Mwafrika na madhabahu, na ndiyo sababu moja iliyowafanya watu kama Leshega na Shembe kuwa na makanisa yao. Wanawake wa Kilutheri Tanzania walikuwa na wito siku zote, na hapana waliyoambiwa ilidumu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipoanza kubarikiwa kuwa wachungaji. Watu wa Clairwood wanaijua vizuri hapana ya mtu wa ofisini aliyeshika ramani. Siitetei hapana ya namna hiyo. Ile haikuwa imesikiliza kwanza. Aliyeisema hakumjua mtu, hakuomba naye, hakupoteza chochote kwa kumkatalia. Hapana ninayoizungumzia inatoka kwa mtu atakayelia ukianguka, na inaweza kubadilishwa na wakati. Wale wanawake hawakuondoka wote kwenda kuanzisha makanisa yao. Wengi walibaki, wakaendelea kufundisha na kusubiri, na ninaamini subira yao ilithibitisha wito wao kuliko ndoto yoyote ingeliweza. Najua pia ilikuwa subira ambayo hawakupaswa kudaiwa.

Lakini ona yanayotokea pale ambapo hakuna wa kusema hapana kabisa. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya mia nne ilifukuliwa, ya watu wanaodaiwa kuambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu. Kesi zilifika mahakamani, na hukumu ni ya mahakama. Langu ni hili tu: walikuwemo watoto humo, na hapakuwa na mzee wa kanisa, askofu wala ushirika wenye nguvu ya kusimama mlangoni. Yaliyowapata Wanazareti ni madogo yakilinganishwa na hayo, lakini yana funzo lake. Baada ya kiongozi wao, Vimbeni Shembe, kufariki mwaka 2011, swali la nani ameteuliwa kumrithi lilipelekwa mahakama ya Durban. Swali la kiroho lililokosa wa kuliamua ndani likaamuliwa na jaji, kwa ushahidi wa nyaraka na mawakili. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sikuwahi kufikiri methali hiyo inahusu nabii.

Paulo mwenyewe, kabla ya kuiona ndoto ya mtu wa Makedonia, alizuiwa mara mbili, Asia na Bithinia. Tunaihubiri sana ile ndoto. Ile milango miwili iliyofungwa tunaipita kwa haraka, ingawa pasipo hiyo asingekuwa Troa usiku ule.

Kwa hiyo nina ombi, na nalitoa kwanza kwa aliyefunga wiki hii akitafuta mapenzi ya Mungu juu ya wito wake. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, tafuta watu watatu: mmoja anayekujua nyumbani, mmoja anayeujua utumishi kwa miaka, na mmoja asiyenufaika na ndiyo yako. Mwenzi wako awe wa kwanza kujua. Waambie wazi kwamba wanaruhusiwa kukukatalia, na uwaombee ujasiri wa kufanya hivyo. Kama wito ni wa Bwana utakuwepo mwakani. Na kwenu wazee, wachungaji, walezi wa miito na maaskofu: kijana akija na machozi na ndoto, msimbariki siku hiyo hiyo kwa kuogopa kuonekana mnamzuia Roho. Mrudisheni akalale, kama Eli alivyofanya, na mkae macho mkimsubiri arudi.